Mashine Ilipoanza Kumhurumia

Mdogo wangu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Wenzake wanamwita Taratibu, kwa sababu hampi mtoto dawa mpaka asome jina mkononi, asome chupa, apige hesabu, kisha aanze upya. Hajapata kukosea dawa ya mtoto, Mungu ni shahidi.

Mumewe alitangulia ng'ambo na mtoto wao. Ili awafuate, ilimbidi afaulu mtihani wa wauguzi wa huko, unaofanywa kwenye kompyuta. Alishaanguka, akarudia, akaanguka tena. Safari hii ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapo mlango unafungwa.

Mtihani wenyewe ni wa ajabu. Ukilipata swali, mashine inakuletea gumu zaidi. Ukikosa, inakushushia jepesi. Ukishajibu huwezi kurudi nyuma. Na muda ukiisha hujamaliza, yaliyobaki yanakula alama zako. Mwalimu wake alimwonya asigande kwenye swali moja: hujui, chagua jibu linaloelekea, songa.

Basi tukafanya mazoezi mezani kwangu, yeye na maswali yake, mimi nakunja nguo huku jicho liko kwenye saa ya ukutani. Nikiona amekaa mno, napiga kofi.

"Songa!"

"Subiri, dada, huyu mtoto bado ana homa."

"Mtoto gani? Huyo wa kwenye karatasi! Mwombee dua, umwache."

Tulicheka mpaka nguo zikaporomoka. Kisha akasema polepole, "Siwezi kumwacha, dada." Nikajua hatanii.

Siku ya mtihani nilimsindikiza, nikabaki kwenye benchi la nje. Nilimwomba Mola amzidishie ugumu. Maisha yangu yote sijapata kumwombea mtu hivyo.

Alitoka macho makavu.

"Yalikuja magumu?"

"Mwanzoni, sana. Likaja la mtoto na dripu. Nikapiga hesabu, nikarudia, nikarudia tena. Nililipata, dada, naapa nililipata. Kuangalia saa, muda karibu unakwisha. Hayo mengine nikawa nabofya tu."

"Halafu?"

"Halafu yakaanza kuwa mepesi." Akaitazama mikono yake. "La mwisho liliuliza muuguzi ananawa mikono wakati gani."

Nilimshika mkono tukaondoka.

Matokeo yalipokuja hatukushangaa. Mumewe alipiga simu, akampa mtoto aongee.

"Mama, unakuja lini?"

"Unakula vizuri, mwanangu?"

Mtoto akauliza tena. Simu ikakatika, au mdogo wangu aliikata mwenyewe, sikumwuliza.

Bado nasali kila siku, ila nikifika kwenye jina lake maneno yananiishia.

Juzi nilimpelekea chakula kazini. Alikuwa ameinamia kitanda, amemshika mkono mtoto wa watu, anasoma jina. Akasoma chupa. Akapiga hesabu, midomo ikicheza.

"Taratibu, bado tu?" mwenzake akamtania.

"Bado."

Nikasimama mlangoni na bakuli langu. Akaanza upya.