Binti Mmoja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka hadi nisahau nyumba yangu iko mtaa gani, yenyewe sitaisahau. Ilikuwa hapa Durban, mwaka ule wa Kombe la Dunia, tarumbeta za vuvuzela zilipokuwa hazitupi nafasi hata ya kusali. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, mjane, na mtoto wangu Neema alikuwa na minane. Nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, na mwandiko huo ndio ulioniponza.

Baba yangu alikuwa sultani wa kijiji chetu, kule Fizi, Kongo. Alifariki sisi tukiwa huku ukimbizini. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alinizaa mimi tu. Kwa desturi kiti kikaenda kwa mdogo wake, baba mdogo Etiene, ambaye hapa alikuwa mlinzi wa magari South Beach na kizibao chake cha njano. Sikumwonea wivu. Lakini kwetu, siku ya kumaliza matanga, husomwa daftari la ukoo mbele ya watu wote. Jina linatajwa, na walioketi wanaitikia, "Tunamjua." Aliyetajwa ni mtu wa pale, ana mahali pa kujenga na mahali pa kuzikwa. Asiyetajwa ni mpita njia, yeye na watoto wake. Daftari la zamani liliungua vitani, kwa hiyo baba mdogo akaniagiza niandike jipya, naye asafiri nalo Jumapili.

Nikaandika. Wanaume watupu, baba kwa mwana, kama nilivyowasikia wakisomwa tangu utoto. Nilipofika kwa baba yangu nikaandika, "hakuacha mtoto," nikapiga mstari kwa rula, nikaendelea na baba mdogo na wanawe. Hakuna aliyenishika mkono, mwanangu. Nilijifuta mwenyewe, na tena nikajisifu jinsi mistari ilivyonyooka! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Siku hizo nilikuwa namhudumia bibi mmoja Mzungu kule Berea, mtaa wa kilimani, Miss Margareti, mwenye miaka themanini na ulimi wa pilipili. Alhamisi nilikwenda na daftari ili nilimalizie akilala. Siku hiyo hakulala. Akataka kuliona, nami nikamweleza kwa majivuno kwamba sisi si wakimbizi hivi hivi, kwetu ni watu wa kiti. Akacheka, akaniambia nimshushie kitabu chekundu kilichokuwa juu ya kabati.

Kilikuwa kitabu cha watu wa vyeo wa Uingereza, na kurasa mbili zilikuwa za kwao. Baroni wa kwanza alikuwa muuza kamba. Aliziuzia meli za mfalme wakati wa vita, mfalme akamshukuru kwa cheo, yeye na uzao wake. Wa pili akajenga nyumba ya vyumba visivyohesabika. Wa tatu akaimaliza kwa kamari ya farasi. Wa nne akaja huku Natali kulima miwa, kwenye ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. (Hilo Miss Margareti alilisema yeye, bila kupepesa jicho.) Wa tano ndiye baba yake.

"Baba alipokufa," akasema, "cheo kiliniruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kikaenda kutua Australia, kwa mjukuu wa binamu yake ambaye hatukuwahi kumwona. Anauza matairi. Huyo ndiye baroni."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka kidole chini ya jina la baba yake. Kurasa zote mbili, kila mwanamume ametajwa kwa jina, hata mtoto aliyeishi siku tatu. Pale chini ya kidole palikuwa pameandikwa, "na binti mmoja."

"Huyo ni mimi," akasema. Pembeni pa maneno hayo karatasi ilikuwa imesuguliwa hadi ikalainika. Alipokuwa na miaka kumi aliandika hapo jina lake kwa penseli. Baba yake akampa kifutio, akamsimamia mpaka likafutika.

Kisha akalivuta daftari langu. "Na wewe uko wapi humu?"

"Kwetu wanawake hawaandikwi."

"Na haya maneno, hapa baada ya baba yako?"

Nikamtafsiria. Uso wake ukawa mwekundu. "Mimi nilifutwa na wengine, nikiwa mtoto, nikilia. Wewe ni mtu mzima, unajifuta mwenyewe kwa rula! Toka mbele yangu. Usirudi hapa na hilo daftari mpaka uwe umo ndani yake."

Nilishuka mjini kwa taxi nikifoka kimoyomoyo. Anajua nini kuhusu mila zetu, bibi ambaye babu yake alilima miwa kwenye mashamba ya watu? Nilikuwa na haki ya kukasirika, na bado alikuwa amesema kweli. Mambo hayo mawili hukaa pamoja, mwanangu, usishangae.

Nyumbani Neema alilichukua daftari, maana alikuwa ameanza kupenda kusoma kila kitu. Akafika pale. "Mama," akauliza, "hapa banasema babu hakuacha mutoto. Sasa weye uko mutoto ya nani?"

Niliona haya mbele ya mtoto niliyemzaa. Nikauchana ukurasa ule, nikaandika upya, kwa wino.

Jumamosi ukoo ulikusanyika kwa baba mdogo, katika fleti yake ya chumba kimoja, wengine wameketi kitandani, wengine sakafuni. Akaanza kusoma ili azoee kabla ya safari. Kila jina likaitikiwa, "Tunamjua." Akafika kwa marehemu kaka yake, akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Esta, hii ni nini? Banamuke habaandikwake mu kitabu ya ukoo. Eish! Ni nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, baba mdogo. Kiti iko yako, sikitaki. Lakini mimi nilizaliwa. Soma."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Livunjike. Kama hutaki hiyo, andika ingine weye mwenyewe, na safari ni kesho."

Alijua, na wote walijua, kwamba mwandiko wake hausomeki hata na yeye. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya chini, "Akamzaa Esta."

Wanaume wakaangalia viatu vyao. Nilitaka kukimbia, mwanangu. Badala yake nikasimama, nikajiitikia mwenyewe, kwa sauti niliyokuwa sijui kama ninayo: "Tunamjua!"

"Esta akamzaa Neema," akasoma.

Kabla sijafungua kinywa, shangazi Yoana, dada yao baba, mtu asiyewahi kupinga hata chumvi ikizidi, akaitikia kutoka pembeni mwa kitanda: "Tunamjua." Kisha akanyoosha mkono. "Leta kalamu. Na miye, mubaba yetu alinizaa."

Daftari lilikwenda Fizi na wanawake watatu ndani yake, na baadaye lilisomwa kule. Jumatatu ileile baada ya safari nilipanda Berea nikamwambia Miss Margareti, nikampa kalamu ileile. Akakifungua kile kitabu chekundu, akaandika jina lake pale pale paliposuguliwa.

Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa, na mimi sijaiacha asili yangu. Niliingia ndani yake na kujiandika. Cheo kinaweza kumfikia muuza matairi, na kiti kinaweza kukaliwa na yeyote. Usivililie. Ila usiwasaidie watu kukufuta. Wakitaka kukufuta, watoke jasho wenyewe, na wewe uwe hapo ukiandika upya. Niliambiwa guu litavunjika. Guu langu hili hapa, na ndilo ninalopandia Berea hadi leo.

Mungu akupe wino usiokauka na mkono usioogopa kukuandika wewe mwenyewe. Siku jina lako litakapotajwa, asikosekane wa kuliitikia. Na akikosekana, Mungu akujalie sauti ya kujiitikia.