Swichi Mbili Zenye Ubongo Mmoja

Merlinda Palmares, msimamizi wa mtandao wa hospitali yetu hapa Iloilo, hakuwa mzembe. Wanaosema alikuwa mzembe hawakumwona akipiga magoti kuufuta vumbi mlango wa chumba cha mitambo.

Wodi mpya zilipojengwa, alibishana kantini na Wilfredo, fundi mwenzake, supu yao ya tambi, batchoy, ikiwapoa bakulini. Merlinda alitaka swichi mbili kuu, zile mashine zinazogawa mtandao wodini, ziunganishwe zifanye kazi kama mashine moja. Wilfredo alitaka kila moja ijitegemee, na kila wodi ipate fungu la nyaya kwa swichi ya kwanza na fungu la akiba kwa ya pili.

"Zako zina ubongo mmoja, dada. Ubongo ukiugua, zimelala zote."

"Na zako zitatuzeesha, kaka. Kila kitu tukifanye mara mbili, na tuko wawili tu?"

Wakubwa wakachagua njia ya Merlinda. Ilifanya kazi vizuri, hata Wilfredo akaacha kumtania.

Kisha, alasiri moja ya mvua, kebo iliyounganisha zile swichi ikafa. Kila moja ikajiona ndiyo bosi, zote zikajibu kwa anwani ileile, na mtandao ukavurugika. Charito, nesi wa wodi ya moyo, akapiga simu.

"Dada, skrini yangu imeganda! Sioni moyo wa mtu yeyote!"

Merlinda alikimbia. Aliziwasha upya zote mbili. Zikarudi zikigombana vilevile. Nywila akaikosea, akaikosea tena.

"Zima moja," Wilfredo alisema mlangoni, amelowa chapachapa.

"Nikizima, wodi za waya mmoja zitakatika!"

"Zimeshakatika, Merlinda! Zima!"

Akazima. Wodi nyingi zikarudi. Wodi ya moyo haikurudi, kwa kuwa waya wake pekee uliingia kwenye ile iliyozimwa. Akauchomoa, akautafutia tundu kwenye swichi iliyobaki ikiwaka, huku akiomba kwa sauti kama mtoto. Charito wakati huo alikuwa akikimbia kitanda hadi kitanda. Alipofika chumba cha mwisho, mashine ilikuwa ikilia peke yake kando ya mgonjwa wake, mzee Apolinar. Yeye na madaktari walimhangaikia sana. Hakurudi.

Daktari alisema moyo ule ulikuwa umechoka, pengine wasingeuwahi. Merlinda aling'ang'ania lile neno "pengine" hadi likamchosha.

Alikwenda msibani. Binti wa marehemu, Salvacion, alimpa kahawa na biskuti akidhani ni rafiki wa baba yake. Merlinda akaviweka mezani. Akamwambia yote.

"Kwa hiyo mashine iliita," Salvacion alisema polepole, "na hakuna aliyesikia?"

"Hakuna."

"Mbona umekuja kuniambia? Ulitaka nikusamehe?"

"Sijui, dada. Nilishindwa kukaa nyumbani."

Salvacion akageuka kuwapokea wageni wengine, hakumfukuza wala hakumrudia. Merlinda alikaa pale mpaka watu wakaanza kusali, akasali nao.

Wiki iliyofuata yeye na Wilfredo walizitenganisha zile swichi na kuvuta nyaya upya, wodi baada ya wodi. Wilfredo hakumkumbusha ubishi wao. Walipofika kile chumba alichofia mzee Apolinar, Merlinda alimpa ngazi, akatoka nje ya jengo, akasimama mvuani.