Godoro Lililokimbiza Shari

Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka. Watu wa umri wangu hapa mtaani Shari wakinikuta njiani wananiuliza, "Ingénieur, leo utalala fasi gani?" yaani wapi, na nyinyi mliohamia Bunia juzijuzi mnadhani wananisalimia, kumbe wananikumbusha aibu yangu. Kwa kuwa mmeuliza, nitawasimulia yote, ila msinikatize, maana nikikatizwa sitamaliza.

Ilikuwa wakati wa vita, ile miaka ambayo mji unatulia wiki hii na wiki ijayo kila mtu anatafuta viatu vyake gizani. Mke wangu, Mama Gloire, alikuwa amekimbilia Mahagi, karibu na mpaka wa Uganda, kwa shangazi yake pamoja na watoto wetu wawili, Gloire na mdogo wake Neema ambaye bado alikuwa ananyonya. Mimi nilibaki kulinda nyumba (nyumba yenyewe ilikuwa na mlango mmoja na kompyuta moja, na ninadhani nilikuwa nailinda zaidi ile kompyuta, tusifichane). Tulikuwa tumekubaliana hivi: Jumamosi saa tisa yeye ataenda kwenye ofisi moja ya misheni huko Mahagi, ambako kulikuwa na internet, na mimi nitamwandikia. Nikimwambia Bunia imetulia, Jumapili asubuhi wanapanda lori, wanarudi nyumbani. Nisipoandika, shangazi anawavusha Uganda, kambini kwa wakimbizi, na ukishaingia kambini hakuna aliyejua utatoka lini.

Kulikuwa na phonie kwenye depo ya malori, ndiyo, lakini redio ile unapiga kelele na kila mwenye redio anasikia mke wako yuko wapi, na wakati ule hilo halikuwa jambo la kutangaza. Isitoshe, mimi nilikuwa na réseau, internet yangu mwenyewe nyumbani! Jirani yangu Maître Pascal, mwalimu, alikuwa ameweka dishi juu ya nyumba na mashine mbili sebuleni, watu wanakuja kuandikia ndugu zao, na kutoka kwenye kisanduku chake cha réseau mimi nilivuta kebo kupitia nyuma ya nyumba, juu ya mipapai na juu ya choo cha watu, mpaka dirishani kwangu. Kazi hiyo niliifanya kwa mikono yangu, ndipo wakaanza kuniita Ingénieur, na jina hilo, jamani, ndilo lililoniponza.

Basi Jumamosi ikafika, nikala haraka, nikawasha kompyuta mapema ili nisichelewe, na pale pembeni ya kioo nikaona alama nyekundu: hakuna réseau. Nikachomoa kebo, nikaipuliza, nikairudisha. Bado. Nikazima mashine, nikahesabu pole pole kama daktari, nikawasha. Bado. Nikaingia kwenye zile namba za anwani, nikabadilisha moja, nikabadilisha nyingine, kisha nikasahau zilikuwa ngapi mwanzoni (Ingénieur huyo!). Nyuma ya mashine kuna taa ndogo ya kijani ambayo hupepesa ikisikia mwenzake upande wa pili, na siku hiyo taa ilikuwa imekufa kabisa. Ninaangalia taa, ninaangalia saa ya ukutani, jasho linanitoka, ninaona kabisa watoto wangu wanapandishwa njia ya Uganda kwa sababu ya taa.

Jambo la kufanya lilikuwa moja, nalo rahisi: kwenda kwa Maître na kumuuliza kwa mdomo. Lakini Ingénieur amuulize mwalimu wa jiografia? Na kuandikia kwenye mashine zake je? Jumamosi zilikuwa na foleni mpaka nje, nami nisingeweza kusimama pale kati ya watu ambao wiki nzima nimewaambia kwangu kuna réseau. Nikajifanyia hesabu ya kitaalamu: nitapeleka kompyuta yenyewe kwa Maître, niichomeke moja kwa moja kwenye kisanduku kwa waya mfupi. Ikishika, basi mgonjwa ni kebo, na neno langu nitakuwa nimeliandika palepale, na watu watasema huyu jamaa anajua kazi.

Mvua ilikuwa inanyunyiza. Tena mara ya mwisho nilipoibeba kompyuta ile kwa baiskeli ilitikisika mpaka ikakataa kuwaka. Nikaangalia huku na huku, nikaona godoro. Nikaviringisha mashine ndani ya godoro, nikafunga kamba, nikajitwika kichwani, nikatia kufuli mlangoni, nikatoka mbio mbio, maana kebo inaweza kupita juu ya choo cha watu lakini mtu lazima azunguke kwa barabara.

Nyinyi wa leo hamjui. Wakati ule Bunia watu hawakuwa wanangoja kusikia risasi, walikuwa wanaangalia magodoro. Ukiona mtu na godoro kichwani, limefungwa kamba, amefunga nyumba, anatembea kwa haraka, hapo hakuna cha kuuliza tena, chukua mtoto. Na mimi nilikuwa nalijua hilo! Godoro hilohilo nilishakimbia nalo zaidi ya mara moja! Lakini kichwani mwangu siku hiyo mlikuwa na taa ya kijani tu.

Wa kwanza kuniona ni Mama Anjelani, aliyekuwa anauza sombe, majani ya muhogo, pembeni ya njia.

"Papa Gloire! Iko nini? Banafika fasi gani?"

Shingo haikugeuka, mzigo ulikuwa mzito. Nikamwinulia mkono tu, kumwambia nitakuja kumweleza baadaye, nikaongeza mwendo. Yeye akaona mtu asiye na hata nafasi ya kujibu. Akaacha sombe palepale chini, akajifunga kitenge, akaita watoto wake. Fundi cherehani akamwona Mama Anjelani. Kwaya iliyokuwa inajifunza nyimbo uani ikamwona fundi na cherehani begani. Mimi ninasikia nyuma yangu nyimbo zimenyamaza, kisha vishindo vya miguu, kisha mtu ananipita, naye ana godoro. Akaja wa pili na godoro. Nikasema moyoni, Mungu wangu, wenye bunduki wamefika kweli! Nikakimbia.

Ndiyo, nilikimbia. Nilikimbia vita niliyoianzisha mwenyewe, na kompyuta inanigonga utosini kila hatua. Nilipopita kwa Maître Pascal nikamkuta anafunga geti, mke wake amekumbatia kisanduku cha réseau, nyaya zinaning'inia.

"Maître! Réseau!" nikapiga kelele.

"Réseau gani tena, Ingénieur? Kimbia!"

Tukafika wote kwenye geti la kambi ya wanajeshi wa amani, upande wa uwanja wa ndege, watoto wanalia, tena mbuzi wako humo. Mkalimani akatoka, akauliza nani amewaona wenye bunduki. Kila mtu akamwonyesha mwenzake. Kwaya ikasema iliona fundi. Fundi akasema aliona Mama Anjelani. Mama Anjelani, pumzi zimemwishia, akaninyooshea kidole.

"Miye niliona Papa Gloire."

"Na weye uliona nani?" mkalimani akaniuliza. Nikashusha godoro chini. Wanajeshi wakaniamuru nifungue kamba, silaha zao zimenielekea. Nikafungua godoro mbele ya avenue nzima.

"Ni nini hii?"

"Ordinateur," nikasema. "Inakatala réseau."

Kisha mmoja wa kwaya akaangua kicheko, kikawashika wote, mpaka wanajeshi ambao hawakuelewa neno. Mama Anjelani peke yake hakucheka. Sombe yake ilikuwa imekanyagwa yote. Na Maître Pascal akanisogelea, ananionea huruma kabisa, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Lakini câble yako nilichomoa miye asubuhi, mugeni mumoja alikuwa na haraka ya kuchomeka masini yake. Nikasahau kuirudisha. Juu ya nini haukukuya kuniuliza?"

Tulirudi mbio kwake, akachomeka kisanduku na mashine yangu, akanisomea zile namba nilizozisahau, taa ya kijani ikapepesa vizuri. Nikawaandikia waje: Bunia kimya, mukuye. Upande wa pili hakuna mtu. Nikakimbilia depo ya malori, liwalo na liwe, na mwenye phonie akaniangalia. "Niliisha kuambia batu ya Mahagi zamani, Bunia yote inakimbia." Tukaita, tukaita tena, wakajibu kwamba Mama Gloire ameshachukua njia ya mpaka na watoto. Nikakaa juu ya tairi la lori nikalia, mtu mzima, bila kuficha uso.

Walirudi baada ya miezi mingi. Neema alikuwa anatembea, akaniona, akajificha nyuma ya mama yake. Jioni ile Mama Gloire akanihadithia kambi, foleni za maji, malaria, kisha akasema: "Balituambia iko mutu moja wa Shari njo alianza kukimbia bure. Huyo mutu, kila siku nilikuwa namulaani."

Nikamwacha amalize. "Ni miye," nikasema, nikamweleza yote.

Aliniangalia mimi, akaangalia godoro, akaangalia kompyuta. "Na réseau, ilikamata?"

"Ilikamata. Masini haikukuwa na ugonjwa."

Akacheka na kulia, sikujua kipi kilianza. Tangu hapo réseau ikikatika natoka kwenda kuuliza, hata kama ni mtoto wa shule. Na godoro letu likitoka kuanikwa, tunalibeba wawili, limekunjuliwa, taratibu, nami natangulia nikiita majirani kwa majina: Mama Anjelani, ni jua tu, tunaanika.