Zamu Yangu ya Vigari

Harufu ya betri iliyopata joto hunirudisha kwenye bati tulipoanika betri zilizokufa, ili jua lizifufue kidogo. Kaka alikuwa amenunua gemu ya mkononi huko mpakani Sirari, ya vigari vya mashindano.

"Vinateleza mno kwenye kona," dada alilalamika. "Gemu mbovu hii."

"Hujui kuendesha wewe," kaka alimjibu. "Ni tamu ajabu!"

Mimi nilitaka zamu yangu tu. Nikachomoa betri nzima kwenye tochi ya baba, nikamwekea zile za juani. Asubuhi akaifunga kichwani kwa mpira, akashuka duarani, lile shimo refu la kuchimba dhahabu.

Mchana wachimbaji wakaja mbio. "Mama, njoo! Mzee anaita huko chini. Tochi imezima, haoni kamba ya kupandia."

Mikononi mwangu, vigari vilikuwa bado vinakimbia.