Bangili ya Shaba kwenye Nyumba ya Sindano

Juzi kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi mashine ilinipigia kelele, na askari kijana akaonyesha mkono wangu, akitaka nivue nilichovaa. "Mama, utoshe ile bangili." Nilicheka kwanza, rafiki yangu, kwa sababu maneno hayo niliyasikia nikiwa na miaka minane hivi, siku tulipokwenda Karavia na nkambo, mama wa mama yangu.

Mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. Kule Karavia palikuwa na nyumba ya wataalamu waliopima jua na sindano ya dira, na mwaka ule wakatangaza kwamba hata sisi watu wa cité, mtaa wa Waafrika, tunakaribishwa kutazama. Mwalimu wetu alilisoma tangazo baada ya misa: mtu asije na chuma, maana sindano yao inasikia hata msumari. Basi wiki nzima ilikuwa vicheko. Baba alifunga suruali kwa kamba ya katani. Mama jirani alitoa pini zote, akatembea njia nzima ameshika kitenge kwa mikono miwili, na kapu lake la viazi vitamu likaniangukia mimi kulibeba.

Mlangoni mwalimu, viatu vinang'aa, akaiona bangili ya nkambo. "Kambo, tosha ile. Utatuharibishia sindano."

"Hii haiko chuma," nkambo akasema. "Iko mukuba. Baba yangu aliiyeyusha na moto yake mwenyewe. Kama inabakia inje, na miye nabakia."

Baba yake alikuwa amefua shaba, ndiyo mukuba, kabla mitambo ya kampuni ya migodi haijafika, na siku ile nkambo alikuwa amevaa nguo za kutokea tangu alfajiri, hakuna aliyetaka kuja kumshinda yeye. Bila yeye nisingeingia.

Karani wa pale, kijana mtaratibu, hakubishana. Aliweka dira ndogo mezani, akamwomba asogeze mkono polepole. Tuliinama sote kutazama. Sindano haikutikisika.

"Mukuba haina maneno," karani akasema. "Kambo, ingia." Kisha akamwomba mwalimu kiatu kimoja, akakisogeza. Sindano ikageuka mara moja. Nyani haoni kundule: soli ilijaa misumari. Mwalimu akaingia na soksi, kidole gumba kikichungulia, na sisi watoto wa miguu mitupu tukapita mbele yake.

Ndani karani alituambia kwamba jua likichafuka, sindano hutetemeka. Nkambo aliitazama sana. "Basi na jua iko na kazi ya moto," akasema, "sawa baba yangu." Njiani kurudi alitutangulia, mkono juu, anakula kiazi.

Leo Karavia ni majumba, na mahali penyewe sikupaona. Nkambo hayupo, mwalimu hayupo. Bangili sikuwahi kuivua tangu aliponivika, mpaka juzi. Niliiweka kwenye kisahani cha plastiki, nikamwomba radhi kimoyomoyo, na iliniuma. Nilipogeuka, mstari mzima nyuma yangu ulikuwa umevua viatu, na bwana mmoja wa suti, kidole gumba kilikuwa kinachungulia.