Jani la Kangaga Juu ya Ndoo

Juzi nilirudi Kalemie, nyumbani kwetu, ambako sasa anaishi mdogo wangu na wanawe. Nikiwa bado na begi mkononi, niliona kangaga ndogo imeota kwenye ufa wa ukuta uani, pale bomba linapovuja. Majani yake yalikuwa madogo kama kucha za mtoto mchanga. Ghafla nikawa tena na miaka tisa.

Wewe uliyekulia kwenye maji ya bomba hutanielewa upesi, lakini vumilia. Mlimani, juu ya mtaa wetu, kulikuwa na korongo, na ndani yake chemchemi isiyojua jua. Mawe yalinuka udongo mbichi, vyura walikoroma mchana kutwa, na kangaga zilining'inia zikidondosha matone taratibu, hata ukasahau kilichokuleta. Kila aliyeteka maji alikata jani moja akaliweka juu ya ndoo, yasimwagike njiani, na nyumbani wajue yametoka wapi. Ziwa lilikuwa karibu zaidi, ila msimu wa kipindupindu bibi alilipiga marufuku. "Jani njo shahidi," alikuwa akisema, yaani jani ndilo shahidi.

Nami nilikuwa mvivu wa kupanda, sikufichi. Siku moja nilichuma majani mengi nikayaficha chini ya kitanda. Kesho yake nikateka ziwani, nikaweka jani juu, nikarudi nikitembea polepole kama mtu mwema. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inachemka jikoni. Mdogo wangu, aliyekuwa na mwaka mmoja tu, alikuwa akililia maji mgongoni kwa bibi.

Bibi alichota kikombe, kisha mkono ukasimama. Kangaga haivumilii kukaa pakavu. Jani langu lilikuwa limejikunja. Akalitoa kwa vidole viwili.

"Mutoto wangu, hili jani lilikufa jana. Maji uliteka wapi?"

Nililia kabla ya kujibu. Hakunipiga. Alimwaga ndoo yote uani, akakaza kitenge cha mtoto, akashika fimbo, na kwa lile goti lake bovu akapanda mlima mbele yangu, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilitamani anitukane. Kule juu alinipa kisu. "Kata moja tu. Ingine uache ikomae."

Tangu siku hiyo nilipanda kila asubuhi bila kutumwa. Nilidhani kupanda huko kwatosha kuomba msamaha, kwa hiyo sikuuomba kwa mdomo hata alipokufa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Korongo limejaa nyumba, na bomba likikauka maji hubebwa kwa madumu ya njano yenye midomo myembamba, yasiyo na pa kuweka jani.

Jioni ile nilikata jani moja pale ukutani, nikaliweka juu ya ndoo ya jikoni. Binti wa mdogo wangu akaja kunichotea maji ya kunywa. Akaliona, akalitoa kwa vidole viwili.

"Tantini, kuna takataka mu maji," akasema, akalitupa uani, palepale bibi alipomwaga ndoo yangu.