Niliandika Uongo Kwenye Karatasi ya Mabehewa

Nimekosa, tena kwa makusudi. Msinitafutie udhuru. Mimi ni mstaafu wa reli hapa Ifakara, mtu mzima mwenye wajukuu, na nimefanya jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angeona haya.

Rafiki yangu Deo, niliyefanya naye kazi stesheni, ana chumba kizima cha treni ndogo za kuchezea. Msicheke! Kila Jumapili baada ya misa tulikuwa tunakutana wastaafu sita, kila mtu na treni yake, tunaziendesha kama kazini, kati ya stesheni ndogo tulizozipa majina ya kwetu. Behewa hili la mpunga lishushwe Ifakara, lile la mbao liende Mlimba.

Mpangaji wa safari zote nilikuwa mimi. Niliandika kwa mkono wiki nzima kadi za kila behewa, litoke wapi liende wapi. Waliniita Kontrola, kama yule mpanga treni wa kazini, na mtu akiniita hivyo sokoni, mabega yalipanda yenyewe.

Ndipo akaja Mama Tekla, mjane wa mwenzetu, kwa hiyo shemeji yetu sote. Alikuja na kompyuta yenye programu ya kupanga treni za namna hiyo. Unaiambia kila behewa liko wapi, nayo inatoa orodha ya nani avute lipi na aliache wapi. Kazi yangu ya wiki nzima, dakika tatu!

"Shemeji, umetuokoa," Deo akamwambia.

Amewaokoa na nani? Na mimi? Jamani, wivu ule! Wali ulikuwa haushuki. Nilimwona anajidai, na masikini hata sauti hapandishi. Siku moja mmoja wetu akasema, "Kontrola mpya huyo!" Wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Mwenyewe aliona nimenyong'onyea. "Shemeji, wewe una jicho la kazi," akaniambia. "Tukimaliza, zunguka uniandikie kila behewa limelala wapi. Mimi nitaingiza." Alinipa heshima, nami nikaifanya silaha.

Tulipata habari kwamba wastaafu wa Mlimba watakuja Jumapili inayofuata, watutazame, nao waanzishe kikundi chao. Nikazunguka na karatasi. Behewa lililokuwa Ifakara nikaandika Mlimba, la Mlimba nikaandika Ifakara. Mabehewa kumi na moja!

Wageni wakaja, wakanywa chai, tukaanza. Treni ya kwanza ikafika Mlimba kuchukua behewa, halipo. Ya pili hivyo hivyo. Haikupita nusu saa, treni nne zimesimama na wazee wanagombezana.

"Ndiyo mambo ya kompyuta haya," mgeni mmoja akasema. Nilisikia utamu, Mungu anisamehe.

Mama Tekla akafungua mkoba, akatoa karatasi yangu yenye mwandiko wangu. Akazunguka nayo behewa moja moja. Alipofika la mwisho akanitazama. Nikajua amejua.

Akaikunja, akairudisha mkobani. "Nisameheni wazee wangu," akasema. "Nimekosea mimi kuingiza."

Nami nikanyamaza! Nilikaa pale na kikombe changu, nikamwacha abebe aibu yangu mbele ya wageni.

Hakurudi tena. Deo alimfuata mara mbili, akaambiwa magoti yanasumbua. Binti yake ndiye aliyetuambia kwamba tangu baba yao afariki, mama alikuwa anacheka Jumapili tu, akitoka kwa Deo.

Ukontrola nimerudishiwa. Wengine wameacha kuja, tumebaki watatu, na kadi naziandika bila hamu. Nikikutana naye kanisani ananisalimia vizuri, "Habari za nyumbani, shemeji?" Afadhali angenitukana.

Ndugu zangu mnaoumwa ugonjwa huu wa wivu, mtu akikuzidi, mwambie akufundishe. Ni neno dogo, mimi lilinishinda. Na ukishamkosea mtu, usingoje. Nimeweza kuwaambia ninyi nisiowajua. Mama Tekla anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na bado sijapiga hodi.